Mwaka wa Kuamshwa Mashamba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijiji, kikawa na chakula, kikakosa. Sogeeni karibu. Na nyinyi mnaonong'ona huko nyuma, nyamazeni, maana hii si hadithi ya kuchekea. Wapo waliocheka ndani yake, na mtasikia kicheko chao kiliwafikisha wapi.

Katika zamani ile ambayo hakuna aliye hai aliyeiona, palikuwa na kijiji kwenye mteremko. Juu kilima, chini kijito, katikati mashamba ya mtama. Watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi moja. Shamba lililimwa miaka mitatu, kisha likalazwa miaka minne. Siku ya kulilaza, mwenye shamba alichomeka kigingi penye njia ya kuingilia, akakifunga shada la majani makavu. Tangu siku hiyo shamba limelala. Ukipita hapo na jembe begani, unalishusha, unalishika mkononi, uso wake ukitazama chini. Na sauti unaishusha. Mtoto aliyepiga kelele mbele ya kigingi alifinywa sikio.

Aliyejua shamba lipi lilale na lipi lilimwe alikuwa Mzee Semboja. Aliitwa, akaenda na mkongojo wake. Aliokota donge la udongo, akalivunja, akalinusa, akaliweka ulimini. Kisha akatema. Ptu!

"Limechoka. Lilaze."

Au akatema, ptu! "Lina mwaka mmoja bado. Lima."

Hakusema zaidi ya hayo, na watu hawakuuliza zaidi. Walikula wakashiba.

Akaja Jumbe Sekiteke kurithi kiti cha baba yake. Jumbe huyu alialikwa harusini ng'ambo ya kilima. Akala, akanywa, akatembezwa. Akaona jumbe wa huko ana maghala saba. Yeye alikuwa na manne. Alirudi nyumbani akiwa amenuna, na kesho yake ngoma ya baraza ikalia. Ndu! Ndu! Ndu!

"Watu wangu," alisema Jumbe, "nimezunguka, nimetazama. Zaidi ya nusu ya ardhi yetu imelala. Miaka minne! Hata mlevi wa pombe ya mtama halali miaka minne!"

Watu wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa!

"Sasa nasema, amsheni mashamba. Yote. Mwaka huu huu."

Mzee Semboja akasimama. "Jumbe, shamba halilali kwa uvivu. Linalala kama mwanamke aliyejifungua. Siku ya tatu ukimwinua, ukampa mchi, atatwanga. Atatwanga, Jumbe, wala hatakwambia kitu. Kisha utamzika."

Jumbe akamtazama, akatabasamu. Halafu akawatazama watu, mmoja mmoja.

"Mzee wetu ameonja udongo miaka mingi mno. Sasa umempanda kichwani."

Kwa! Kwa! Kwa! Safari hii walicheka kwa nguvu zaidi. Walicheka watu ambao Mzee Semboja aliwaonjea udongo wao na wa baba zao. Alicheka hata Bi Mwanamvua, mjane mwenye shamba moja na binti mmoja, Kibibi, ambaye mwaka uliotangulia tu alikuwa amemwambia, "Baba, bila wewe tungekula nini?"

Moyo wa mzee ukawaka. Ukawaka kama kaa lililopulizwa.

"Vema," alisema. "Sitafungua tena kinywa changu juu ya mashamba yenu. Hadi mje kuniomba."

Akaenda zake. Chwa, chwa, chwa, miguu yake njiani.

Vigingi vikang'olewa. Ng'wa! Ng'wa! Vikabebwa mzigo mzigo, vikapikiwa uji wa sherehe. Kikabaki kimoja tu, kile cha shamba la Mzee Semboja, lililokuwa na mwaka mmoja usingizini.

Mwaka wa kwanza mtama ulisimama ukampita mtu mrefu. Maghala ya Jumbe yakawa sita. Alipita mbele ya shamba la mzee, lililokwisha kuwa kichaka, akasimama, akatega sikio.

"Mzee Semboja! Naona shamba lako linakoroma!"

Mzee hakujibu.

Mwaka wa pili mtama ulikuwa mwembamba, masuke yake kama vidole vya mgonjwa. Maghala yakawa matatu. Jumbe akasema ni mvua. Mzee hakujibu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka huo wa pili, alasiri moja, Mzee Semboja alipita kando ya shamba la Bi Mwanamvua. Chini ya shina la mtama akaona mmea mdogo, urefu wa kidole, wenye ua la zambarau. Mmoja tu. Akasimama. Alikuwa ameuona ujanani, katika nchi ambayo watu wake walihama. Ni kiduha. Kiduha hakigombani na mtama juu ya ardhi. Mizizi yake hushika mizizi ya mtama huko chini, gizani, ikanyonya. Hupenda ardhi iliyochoka kama inzi anavyopenda kidonda. Na mbegu zake ni ndogo kuliko ugoro. Kikizimwaga, upepo unazipeleka utakako na usikotaka.

Kilikuwa kimoja. Kuinama mara moja, kuvuta mara moja, basi.

Mkono wa mzee ukaachia mkongojo. Mgongo wake ukaanza kuinama. Kisha akasikia tena kile kicheko cha barazani, kwa, kwa, kwa, na sauti ya Mwanamvua ndani yake.

"Si walisema udongo umenipanda kichwani?" alijiambia. "Basi waulize vichwa vyao."

Akashika mkongojo wake. Chwa, chwa, chwa. Akapita.

Mnanitazama hivyo kwa nini? Ndiyo, alipita. Mzee mwenye hekima aliona, akajua, akapita.

Mwaka wa tatu kijiji kilikuwa cha zambarau. Zambarau mteremkoni, zambarau kando ya njia, zambarau hadi kijitoni. Watoto walisuka mashada, wakavaa shingoni. Wanawake wakasema, hatujaona uzuri kama huu. Na mtama katikati ya uzuri huo ulikuwa wa manjano, umekomea magotini, hauna suke hata moja.

Njaa ikaingia. Haikubisha hodi. Watu wakala mbegu. Wakachemsha ngozi za kulalia. Wakaenda porini kuchimba ndiga, kile kiazi cha mwitu chenye sumu, ambacho hukatwakatwa na kulowekwa kijitoni siku nyingi kabla ya kupikwa. Lakini tumbo la mtoto halijui siku nyingi. Kibibi, binti wa Bi Mwanamvua, alichukua kipande kilichokuwa na siku moja tu majini, akakila peke yake nyuma ya nyumba. Jua halijazama, alikuwa amekwisha kufa. Walimfunga katika mkeka wake wa kulalia. Ulikuwa mkubwa kwake.

Mzee Semboja alikuwa akigawa alichoweza. Kikapu leo nyumba hii, kikapu kesho nyumba ile, akikiweka mlangoni bila neno. Siku hiyo ya Kibibi, kikapu kilikuwa kimekwenda nyumba nyingine.

Jumbe akaviona vikapu, akauliza, akajua. Chakula kilitoka kwenye kile kichaka. Shamba lililolala mwaka wa nne lilikuwa na mbaazi zilizojiotea, kunde zilizotambaa, mnavu, mlenda, na chini yake viazi vikuu vinene kama paja. Ngoma ikalia. Ndu! Ndu! Ndu!

"Twendeni na majembe! Tulifyeke, tulilime lote, tugawane!"

Asubuhi wakapanda mteremko, wanaume na wanawake, majembe mabegani. Mzee Semboja aliwakuta penye kigingi. Miaka mitatu hakuwa amezungumza na yeyote kati yao kuhusu shamba. Sasa sauti yake ilitoka kama jiwe linaloporomoka.

"Shusha jembe, Jumbe."

"Toka njiani, mzee."

"Shamba limelala. Shusha jembe."

"Watu wanakufa, nawe unalinda magugu!"

"Watu wanakufa kwa mkono wako! Maghala saba ulitaka, sivyo? Yako wapi? Nenda kahesabu makaburi, Jumbe, labda hayo yamefika saba!" Mzee aligonga mkongojo wake kwenye mawe. "Mkililima hili leo mtakula siku kumi. Siku ya kumi na moja mtakula nini? Mtaota moto wa kigingi hiki? Hakuna udongo mwingine uliopumzika kuanzia kilimani hadi kijitoni. Huu ndio wa mwisho!"

"Msimsikilize," alisema Jumbe. "Ana uchungu wa zamani."

Majembe yakanyanyuka. Hapo Bi Mwanamvua akapenya katikati yao, mikono mitupu. Alisimama mbele ya mzee, karibu sana.

"Baba," alisema, "wewe unaujua udongo kuliko sisi sote. Lile ua la zambarau lililoua mtama wetu liliingia lini? Lilianzia wapi?"

Hakuna aliyejua. Mzee Semboja angeweza kusema lilitoka ng'ambo ya kilima, na wangeamini. Angeweza kusema ni laana ya vigingi, na wangepiga magoti. Neno lake lilikuwa ukuta pekee uliobaki kati ya majembe yale na shamba. Akisema kweli, nani angemsikiliza tena?

Akauegemea mkongojo wake.

"Lilianzia shambani kwako," alisema. "Mwaka jana. Lilikuwa moja tu. Nililiona."

"Uliling'oa?"

"Nilipita."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu ulinicheka."

Majembe yakabaki hewani.

"Nilicheka," alisema Bi Mwanamvua polepole. "Jumbe alikuwa akitutazama aone nani hacheki. Mimi mjane, mwenye shamba moja, ningefanya nini? Nilicheka. Na wewe ukaona hiyo ndiyo thamani ya mwanangu."

Akampiga kofi. Pa!

Mzee hakuinua mkono kujikinga.

"Mnaona!" alisema Jumbe. "Hata yeye..."

"Nyamaza!" Bi Mwanamvua alimgeukia. "Huyu alikosa kwa kufunga mdomo, na amekiri mbele yangu. Wewe umekiri nini? Ulituambia tuamshe mashamba, tukaamsha. Ulituambia ni mvua, tukaamini. Leo unatuambia tumalize hili lililobaki, tufe vizuri? Lete hapa." Akalishika jembe la Jumbe kwa mpini, akalivuta. Jumbe akavuta. Mwanamvua akavuta tena. Mikono ya Jumbe ilikuwa na njaa kama ya watu wote, ikaachia.

Akaligeuza jembe, uso wake ukatazama chini. Nyuma yake jembe moja likashuka. Kisha la pili. Kisha yote.

"Sema, baba," alisema. "Tutakulaje bila kulimaliza?"

Mzee Semboja akafuta uso. "Ingieni kwa mikono. Chumeni majani, msikate shina. Mbaazi, acheni moja katika kila tano. Viazi chimbeni kwa muo, ule mti uliochongwa ncha, na kila kiazi mkikitoa mkate kichwa chake mkirudishe shimoni. Lakini kabla ya kula, kila nyumba ing'oe kiduha vikapu viwili, ikichome. Ua bado ni bichi. Likikauka litamwaga mbegu, na hapo tutahama sote. Kisha nusu ya mashamba yalale. Na kung'oa, aanze Jumbe."

"Mimi nikang'oe magugu?"

"Una mgongo au huna?" aliuliza Bi Mwanamvua.

Mtu mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu asiye na mate. Jumbe akaangalia kila upande, akakosa wa kumtetea. Akainama.

Waling'oa siku tisa, migongo ikilia. Siku ya tisa mzee alimkuta Bi Mwanamvua shambani kwake.

"Mwanangu, umenisamehe?"

"Sijakusamehe," alisema, bila kuinua kichwa. "Shika mstari ule wa kule. Huo bado."

Akaushika.

Mwaka uliofuata walilala na njaa mara nyingi, lakini hakuzikwa mtu kwa sababu ya njaa hiyo. Na Mzee Semboja hakunyamaza tena hadi kufa kwake. Aligombana na kila aliyechelewa kulaza shamba. Aliwafokea wakubwa mbele ya wake zao. Walimcheka, akafoka zaidi. Ukienda kijijini kule kuliulizia jina lake, hawatakwambia alikuwa mpole. Watakwambia alikuwa na kelele, na kwamba walikula.

Haya ndiyo mafunzo, myashike. Ardhi mnayoilazimisha itawatii, kisha itawaua. Na mwenye kujua akafunga kinywa kwa sababu ya hasira, asijitenge na aliyebeba jembe, wamelima pamoja.

Hadithi yangu imekoma hapa. Aliyeielewa, asubuhi akatazame shamba lake.