Neno la Kufungulia Kompyuta ya Bwana Mwinjaka

Mlango wa hodi haupigwi nyundo. Neno hili mlilisikia jana, wanangu, aliposhauriwa Rajabu, ambaye alikuwa amekwisha kufunga safari ya kwenda kumshitaki nduguye kwa ajili ya mpaka wa shamba, ilhali hajamwuliza nduguye huyo hata mara moja kisa cha kuusogeza. Baada ya sala mkanizunguka mkitaka kujua ni wahenga wa enzi zipi walioliacha. Si la enzi za mbali. Limezaliwa hapa hapa Ngamiani, na waliolizaa tuliishi nao mtaa mmoja. Basi sikilizeni lilivyozaliwa.

Alikuwapo katika mtaa huu Maalim Zahoro, Mwenyezi Mungu amrehemu, mkuu wa madrasa yetu. Bibi yake mzaa baba alikuwa amemrithisha utenzi wa kuomba mvua, ambao wanawake wa mji huu walikuwa wakiusoma kila mwaka wa ukame, wakitembea na watoto mpaka kwenye visima. Haukuwa umeandikwa popote. Waliouhifadhi walifariki mmoja baada ya mwingine, akabaki yeye peke yake. Na yeye macho yalikuwa yameingia ukungu, tena ubeti mmoja mmoja ulikuwa umeanza kumkimbia, kama kuku anayetoroka bandani usimwone alikopitia.

Rafiki yake Bwana Mwinjaka, karani mstaafu, akamwambia, "Nisomee, nami nitauandika." Bwana Mwinjaka alikuwa na kompyuta ya kale, aliyoiokota ofisi yake ya zamani ilipokuwa ikitupa vyombo vyake. Ilikuwa chombo kizito kama kinu, rangi yake imegeuka manjano, na kioo chake kimetoka tumbo kwa nyuma kama televisheni za zamani. Kila alasiri Maalim alikwenda barazani kwa rafiki yake akasoma, na Bwana Mwinjaka akaandika. Kuchapa kwenye karatasi walikuahirisha, kwa kuwa utepe wa mashine ya kuchapia ulikuwa umekauka na haukupatikana madukani. Walisema, tukimaliza tutautafuta. Wakamaliza, na kabla utepe haujapatikana, Bwana Mwinjaka akaitikia wito wa Mola wake.

Mirathi ilipogawanywa, kompyuta ile iliuzwa pamoja na vitu vingine, na Maalim akainunua. Akaibeba mpaka madrasa kama mtu aliyebeba mgonjwa. Wakaiwasha. Ikanguruma, ikakohoa, ikakaa kimya muda wa kutosha mtu kumaliza suratul Mulk, kisha ikaandika kwa herufi za kijani: Taja neno lako.

Neno lipi? Watoto wa marehemu, waliokuwa Dar es Salaam, walipopigiwa simu walisema, "Baba hakutuambia."

Hapo ndipo tulipoanza kuchoshana. Kila aliyepita madrasa alikuja na neno lake. Tukaandika Bismillahi, ikakataa. Tukaandika majina ya masahaba, jina la mama wa marehemu, jina la msikiti, na sura aliyopenda kuisoma katika rakaa ya pili. Kila baada ya makosa machache chombo kile kilipiga ukelele kikazima, nasi tukakiwasha upya na kukingoja kingurume na kukohoa. Mzee Kigoda, ambaye hakuwahi kukosa ushauri, alikaa kwenye mkeka akatuambia, "Jaribuni tarehe ya mkopo wake wa kwanza. Hiyo mtu haisahau."

"Bwana Mwinjaka hakukopa maishani mwake," Maalim akamjibu.

"Basi ndiyo sababu hamlipati. Mtu asiye na aibu hata moja atafichaje neno?"

Maalim hakucheka. Siku zile alikuwa hacheki.

Akaitwa Shafii, fundi wa kompyuta na simu. Alikuja na begi lililojaa nyaya, akaifungua kompyuta, akaitazama ndani kwa muda mrefu kama mtu anayechungulia kisima. Akachomeka waya huu, haukuingia. Akachomeka ule, haukuingia.

"Maalim, hiki chombo ni babu wa mababu," akasema. "Vifaa vyangu vyote ni vya wajukuu. Hakuna kinachopatana nacho."

"Hakiwezi kutolewa kile kinachotunza maandishi, kikasomwa kwingine?"

"Hakuna kwingine. Na nisikilizeni ninyi nyote mnaokuja hapa kubahatisha. Mnasikia huo mkwaruzo kila mkiiwasha? Hiyo ni diski yake inajikwangua. Mkiendelea kuwasha na kuzima hivi, mwezi ujao itakuwa jiwe."

Maalim akauliza, "Iko njia gani?"

"Njia iko, lakini ni ya nyundo," Shafii akajibu. "Naweza kulivunja hilo neno kwa nguvu. Huenda ikafunguka na maandishi yake. Huenda ikafunguka ikawa tupu, kama ubao uliooshwa kwa maji. Mimi sikuahidi kitu."

Maalim aliomba muda wa kufikiri. Alikwenda akasali istikhara, sala ya kumwomba Mungu amchagulie, akarudi bila utulivu wa moyo. Walimu wenzake wakamsukuma. Mmoja akasema heri kujaribu kuliko kungoja jiwe. Mwingine akasema hata ikiwa tupu, watoto watajifunzia. Huyu wa pili Maalim alimtazama mpaka akaondoka mwenyewe. Mwishowe alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka na watu na vyombo: "Ijumaa, baada ya sala, njoo na nyundo yako, Shafii. Mungu atatenda apendalo."

Sasa sikilizeni mahali tulipopotea. Wala hapakuwa mbali. Mjane wa marehemu, Bi. Mwantumu, alikuwa hai, mwenye akili zake timamu, katika nyumba ya tatu kutoka madrasa. Lakini alikuwa ndani ya eda. Nanyi mnazijua desturi zetu: mwanamke aliye katika eda ya mumewe hatoki, hajipambi, na wanaume wa mtaa hupita dirishani pake wameinamisha nyuso na kushusha sauti. Sheria imesema machache. Sisi kwa kuona haya tumeongeza mengi, hata tukamfanya mtu aliye hai kama aliyezikwa pamoja na mumewe. Kumwendea mfiwa kumwuliza habari ya chombo kilichouzwa tuliona ni ukosefu wa adabu. Hata wake zetu, waliokuwa wakiingia kwake kila siku na vyakula, hatukuwatuma. Kwanza tuliona haya. Pili, kwa kweli, haikumpitikia yeyote kati yetu kwamba mwanamke yule angeweza kujua neno la kompyuta.

Siku ya Ijumaa asubuhi Maalim alikuwa akivaa kanzu huku akivuta pumzi kwa uzito. Mkewe, Bi. Nuru, alikuwa amechoka kuisikia pumzi hiyo kwa wiki nzima.

"Leo ndiyo siku ya kuvunja?" akamwuliza.

"Leo."

"Na Bi. Mwantumu alisemaje?"

"Amesemaje juu ya nini?"

"Juu ya hilo neno, mume wangu. Ulipomwuliza alisemaje?"

Maalim akafunga vifungo vya kanzu taratibu. "Hakuulizwa. Yumo edani."

"Eda imemziba masikio?"

"Nuru, yule ni mfiwa. Ana heshima yake."

"Heshima yake ndiyo mmemwacha akae kule kama kabati lililofunikwa shuka? Jana nilimpelekea uji akaniuliza, 'Kwani Maalim anahangaika na nini madrasa, mbona kile chombo cha mwenzangu nakisikia kinalia mchana kutwa?' Nikamwambia usijisumbue, ni mambo ya wanaume. Nami nikaona nimemjibu vizuri. Kumbe sote wajinga."

"Basi nenda wewe ukamwulize."

Bi. Nuru akakaa kitandani akakunja mikono. "Mimi siendi kwa kutumwa. Mwaka jana uliwafundisha binti zetu katika darasa la fikihi, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza. Ulisema mwenye eda huulizwa na kujibu penye haja, kwa maneno ya wema, nyuma ya sitara. Ulisema wanaomtenga wanafuata mila, hawafuati sheria. Ni wewe uliyesema, au ni mwalimu mwingine aliyevaa kanzu yako?"

Wakatoka pamoja.

Walipofika, Maalim alisimama kizingitini akaugeuzia mgongo mlango uliokuwa wazi, pazia limeshushwa. Bi. Nuru akaingia ndani, akakaa karibu na mfiwa.

"Hodi," akasema Maalim. Walisema baadaye kwamba sauti yake ilitetemeka kama ya mwanafunzi asiyejua somo lake.

"Karibu, Maalim," ikajibu sauti ya ndani. "Shikamoo."

"Marahaba. Pole kwa msiba, Bi. Mwantumu."

"Nimekwisha kupoa. Haya, sema."

Akasema. Alieleza habari ya utenzi, na ya kompyuta, na ya mkwaruzo, na ya fundi aliyekuwa anangojwa. Alieleza kwa kirefu sana, kama mtu anayeomba radhi katikati ya kila sentensi.

"Hamkuandika kumbuka chumvi?" akauliza Bi. Mwantumu.

"Chumvi?"

"Chumvi, Maalim. Andikeni kumbuka chumvi. Ndilo neno lenyewe."

Maalim akageuka nusu, akakumbuka adabu, akarudi alivyokuwa. "Bi. Mwantumu, sisi tumejaribu majina matukufu."

"Nimefahamu. Lakini mwenzangu akikaa kwenye kile chombo alikuwa hasikii. Nikimwambia ukitoka kusali niletee chumvi, anaitikia 'naam', kisha anarudi mikono mitupu. Siku moja nikakasirika. Nikamwambia, weka hilo neno mlangoni mwa chombo chako, usiingie humo mpaka umelitaja. Akacheka, akaliweka."

Bi. Nuru akauliza, "Ikasaidia?"

"Haikusaidia. Alilitaja kila siku, na kila siku alirudi bila chumvi."

Wanawake wakacheka kwa chini, kicheko cha watu walio katika msiba. Kisha Bi. Mwantumu akaacha kucheka. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Muda wote huu nimekaa hapa nikikisikia kikilia, Maalim. Nakijua kilio chake. Ni kilio cha kukosea neno. Nikasema moyoni, watakuja kuniuliza. Hamkuja. Sikufa mimi, amekufa Mwinjaka. Leo nasikia fundi anakuja kuvunja. Maalim wangu, mlango wa hodi haupigwi nyundo."

Maalim akasema, "Umesema kweli, na sisi tumekukosea. Utusamehe." Akajibiwa kwamba amesamehewa, na kwamba aharakishe kabla diski haijawa jiwe.

Baada ya sala ya Ijumaa Shafii alifika na begi lake. Akaambiwa aliweke chini. Akaiwasha kompyuta, ikanguruma, ikakohoa, ikakwaruza, ikauliza neno. Akaandika kumbuka chumvi. Herufi za kijani zikatoweka, na mahali pake pakatokea majina ya maandishi ya marehemu, na katikati yake utenzi. Shafii akaanza kusoma, akafika kwenye ubeti huu:

*Rabi twakuomba mvua*
*Mashamba yanaungua*
*Visima twavifukua*
*Tone hatujaliona*

Maalim akainua mkono amsimamishe. Akasema, "Huo. Huo ulikuwa umenitoka kabisa." Akafunika uso kwa kilemba, nasi tukatazama pembeni. Kisha akaamrisha yeyote mwenye kalamu akae chini, na Shafii asome polepole, na chombo kisizimwe mpaka wanafunzi wamenakili ubeti wa mwisho. Kilizimwa siku ya pili yake, na hakikuwaka tena. Shafii alikuwa amesema kweli.

Neno la Bi. Mwantumu lilitoka na Bi. Nuru, likafika visimani, likafika sokoni, likawa letu sote. Nanyi mnaujua utenzi ule, kwa maana mmeusoma mwaka wa ukame, wala hamkujua kwamba ulikaribia kuvunjwa na watu waliokuwa na adabu nyingi mno hata wakashindwa kupiga hodi.

Kwa hiyo mkimwona mtu anasaga meno juu ya jambo ambalo mwenyewe yu hai, yu karibu, na anangoja kuulizwa, msimletee begi la fundi. Mshikeni mkono mumpeleke mpaka kizingitini, mumwambie: mlango wa hodi haupigwi nyundo.