Mzee Elisaria na Sala ya Mkewe

Wazee wa usharika mmoja wa milima ya Upare husimulia kwamba jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ya Mzee Elisaria lilikuwa kuchambua maharage. Mkewe, Nakiete, alikaa karibu na meko, ungo mapajani, akisali sala ya jioni huku vidole vikiendelea na kazi. Siku zile Wakristo wa mlimani walikuwa wachache, na walijuana kwa sauti. Nakiete aliwaombea wote kwa majina: wagonjwa, wasafiri, mpaka beberu wa jirani aliyezoea kuvunja ua. Elisaria, kofia mkononi, aliitikia, "Amina."

"Leo umemsahau nani?" akamtania.

"Nimekusahau wewe, mzee wangu. Jiombee, mdomo unao."

Wakacheka, wakala, wakalala. Kulipokucha Nakiete hakuamka. Roho yake ilikuwa imekwenda kwa Mola wake.

Nakiete alipokuwa hai, nyumba ile ilijulikana kuwa nyumba ya maombi. Watu walipanda kutoka tambarare na mizigo yao ya moyoni, wakisema, "Twende kwa Elisaria," kwa kuwa ndivyo nyumba zilivyoitwa, kwa jina la mume. Elisaria aliwapokea, akawapa kiti na maji ya kunywa. Nakiete akasali, naye akaitikia. Miaka ilipita hivyo, wala hakuna aliyeuliza sala ile ilikuwa ya nani. Hata yeye hakujiuliza.

Baada ya maziko hakutoka nje ya ua. Kila jioni alikaa karibu na meko akajaribu kusali, na kila mara yalimjia maneno ya mkewe, kwa sauti ya mkewe, na hapo akanyamaza ili asikilize. Aliitamani sauti ile kuliko alivyomtamani Mungu, na alilijua hilo.

Alasiri moja akaja mwanamke kijana, Namkunda, mtoto wake wa kike mgongoni, anachemka kwa homa. Hakuwa na habari za msiba.

"Hodi, baba. Nimeambiwa hapa watu huombewa."

Elisaria akamkaribisha. Angeweza kusimama na kuyasema maneno ya Nakiete toka mwanzo hadi mwisho. Aliyajua yote, na mgeni asingetambua. Akafumbua kinywa, kisha akakifumba.

"Mwanangu, nisikudanganye. Aliyekuwa akisali hapa ni mke wangu, nasi tumemzika. Yeye alimtafuta Mungu. Mimi nilimtafuta yeye. Kazi yangu ilikuwa kuitikia tu."

"Pole sana, baba." Namkunda akamweka mtoto vizuri. "Lakini mlima wote huu nimeupanda kwa miguu. Nirudi nikamwambie mume wangu nini? Kwamba nimemkuta mzee mwenye maneno mengi ya kunieleza mimi, ila la kumwambia Mungu hana?"

"Nitasali vibaya."

"Basi sali vibaya. Mtoto anaungua."

Mzee akapiga magoti. Mtoto akakohoa.

"Bwana," akasema hatimaye, "mimi ni Elisaria. Sikufahamu kama alivyokufahamu yeye. Tena nina uchungu nawe. Mtoto huyu anaumwa, na mama yake ametoka mbali. Mponye. Nami usiniache."

Hapo yakamtoka machozi aliyoyazuia makaburini. Akiwa analia alitambua kwamba sauti ya mkewe haimo tena masikioni mwake, na kwamba hata hivyo hakuwa peke yake.

Namkunda akamfuta mtoto jasho. "Kumbe kusali vibaya kwenyewe ndiko huku?" akasema kwa upole, akamfunga mgongoni, akashuka kabla jua halijazama.

Wanaosimulia habari hii hawasemi kwamba homa ilitoka saa ile. Wanasema kwamba mtu aweza kuota moto wa mwenzake miaka mingi, akadhani umewashwa na mikono yake. Na kwamba Mwenyezi Mungu, kwa rehema zake, hamkatai anayemjia kwa moyo wote, hata akichelewa, hata akija na maneno machache na uchungu mwingi, mradi amekuja mwenyewe.

Asubuhi yake, ukungu ungali chini, Mzee Elisaria alichukua fimbo yake, akafungua mlango wa ua, akashuka tambarare akiulizia njia nyumba kwa nyumba, mpaka kwa Namkunda, kumjulia hali mtoto.