Kipimo cha Nyama ya Kuku

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana hasira yangu bado ya moto, hospitali moja ilipata mashine ya kutazama ndani ya mwili kwa njia mbili. Ya kwanza, sauti: inaingia, inagonga uvimbe, inarudi. Ya pili, mwanga: unaingia, damu inaupokea, inatoa mlio, mashine inausikia. Uvimbe wenye damu nyingi ndio wa kuogopwa, huenda ni saratani.

Sasa, mwanga unafika kina gani? Fundi Lukindo alipima. Alifukia mrija wa damu chini ya kidari cha kuku, akaongeza nyama juu, akaongeza tena, mpaka mashine ikaacha kusikia. Sentimita tatu. Kuku mweupe, tena amechunwa ngozi.

Akamwambia mkuu wake, Profesa Shekilindi, "Tupime na ngozi nyeusi pia. Weusi unameza mwanga."

"Tutapima baadaye. Wageni wanakuja kesho kuiona mashine." Profesa akabandika karatasi kwenye mashine: mwanga unafika sentimita tatu.

Akaja Bi Siwatu, mshona mashuka, mweusi tititi, ana uvimbe kwenye titi. Sauti ikauonyesha, sentimita mbili na nusu ndani. Mwanga haukuonyesha kitu. Daktari Mapunda akasema, "Nenda nyumbani, mama. Uvimbe huu hauna damu."

Ulikuwa nayo. Mwanga ndio uliokwama njiani, kwenye ngozi. Hospitali ya watu weusi, kipimo cha kuku mweupe. Niacheni nikasirike. Bi Siwatu aliporudi miezi kadhaa baadaye, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Akawaita wote watatu kitandani kwake. "Sitaki pole. Nataka mmoja aseme, ni mimi."

Lukindo akasema, "Mimi nilimwambia, mama." Kweli alisema, mara moja, kisha akanyamaza kibarua kisije kikaota nyasi.

Profesa akasema, "Mimi sikukugusa. Mashine inasaidia tu, anayeamua ni daktari."

Daktari akasema, "Kibandiko kiliandikwa tatu. Ningejuaje?" Na sindano ya kuchukulia kinyama cha kupima siku ile ilikuwa pale pale mezani kwake. Hakuichoma.

Bi Siwatu akawatazama mmoja mmoja. "Binti yangu anapanda ngazi sasa hivi. Hajui kitu. Wawili watoke, mwenye kosa abaki amweleze, mimi sina nguvu hiyo."

Wote watatu wakaanza kuelekea mlangoni.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mmoja wao mshikeni mkono. Je, nani alistahili kubaki?