Nyani, Pimbi na Kitambaa Chekundu

Ngano hiyoo!
— Na ije!
Ina uongo ndani yake.
— Utie chumvi!
Ina na ukweli, kidogo.
— Huo tutautema!

Haya, kaeni vizuri. Endeleeni kumenya karanga zenu, maana mama yenu kasema akirudi sokoni aukute ungo umejaa, na mimi shangazi yenu sitaki lawama. Ungo uwekeni hapa kati, karibu na goti langu, kila mkono ufike. Mikono imenye, masikio yasikilize.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu sola zilikuwepo, wanyama wa Majabalini walikuwa na banda la gemu. Mwenye banda alikuwa Mama Kobe. Ndani mlikuwa na luninga moja, gemu moja la mapigano, padi mbili na benchi moja. Jua likichomoza, luninga inawaka. Jua likizama, luninga inazimika, na kila mtu kwao.

Banda lilikuwa na sheria mbili, na Mama Kobe alizitangaza kila asubuhi kabla hajafungua mlango. Ya kwanza, anayefungwa anapisha, na karanga alizokuja nazo anamwachia mshindi. Ya pili, mkono ukae kwenye padi yako, mdomo uende unakotaka. Ukimgusa mwenzako unatoka nje. Ukimtania, ukimwimbia, ukimpigia domo mpaka povu likutoke, hiyo ni haki yako, na atakayenuna akachezee kwao.

Sasa, alikuwepo Nyani. Nyani ana kifua, Nyani ana meno, Nyani ana vidole virefu vya kufikia kila kitufe. Nyani akikaa kwenye benchi habanduki. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na tumbo limemvimba kwa karanga za wenziwe.

Mchezo wake ulikuwa mmoja tu. Alimchagua mpiganaji wa tatu kutoka kushoto, jitu lenye mabega mapana, akaliita Nambari Tatu. Sura ya jitu lile haitazami. Mikono yake haitazami. Anatazama nafasi iliyopo kati ya wapiganaji wawili, na midomo inahesabu: moja, mbili, tatu, chini, teke. Moja, mbili, tatu, chini, teke. Ta-ta-ta-PU! Ngiri akaketi, akashika, akapigwa, akapisha. Kicheche akaketi, akashika, akapigwa, akapisha. Ta-ta-ta-PU! Karanga zikabaki.

Na alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua: mkia hana, shingo hana, kimo hana. Yeye alimchagua mpiganaji ambaye hakuna aliyemtaka, mwanamke mwembamba mwenye joho refu, mzito wa kurusha ngumi. Gemu halikumpa jina, kwa hiyo Pimbi akampa la kwake, akamwita Sikudhani. Kabla ya pambano alimwinamisha Sikudhani amsalimie mwenzake. Wakati anainama, PU! Akiinuka, alimtembeza hadi pembeni, kwa sababu nyuma ya uwanja ulichorwa mlima wenye theluji, na pale pembeni ndipo unapoonekana vizuri. Wakati anatazama mlima, PU! Pimbi akaketi, akainama, akapigwa, akapisha.

Walimcheka. Mimi simcheki, na sababu nitawaambia. Ukoo wa Pimbi unaishi kwenye nyufa za mawe, na mtoto wa Pimbi kabla hajafundishwa kula anafundishwa kutazama juu. Tai anakuja. Pimbi anakula majani anatazama juu. Anamkaribisha mgeni anatazama juu. Hata akilala, jicho moja liko juu. Lakini ndani ya ile luninga palikuwa na mbingu isiyo na tai. Akishika padi, Pimbi anakuwa mrefu, anavaa joho, anatembea polepole mahali peupe, na shingo asiyokuwa nayo inapumzika. Pahali pengine pa namna hiyo hakuwa napo. Maskini, nampenda kwa hilo, na siwafichi.

Nipeni hiyo karanga iliyovunjika, haitamfaa mama yenu.

Basi Nyani akaenda kwa Mama Kobe kulalamika. Alisema Pimbi anapoteza jua la watu. Gemu ni hesabu, alisema, na anayetaka kutazama milima akatazame ya nje, iko bure. Akaomba sheria ya tatu: atakayefungwa mara kumi mfululizo asiguse tena padi maisha yake yote. Mama Kobe alipenda foleni iende haraka, akakubali. Kisha Nyani, ambaye huhesabu kila kitu, akamgeukia Pimbi akamwambia kwa upole, kama mtu anayetoa salamu za rambirambi, kwamba yeye amekwisha kufungwa mara tisa.

Pimbi akarudi kwao asile. Alikaa kwenye ufa wake, akatazama juu, akalia. Zamu yake katika foleni ilikuwa siku ya nne. Akifungwa siku hiyo, atabaki na mbingu yenye tai peke yake.

Siku ya kwanza alikwenda bandani akakaa mwisho wa benchi. Wenzake wote walitazama luninga. Yeye alimtazama Nyani. Akaona midomo. Kicheche akamtukana Nyani ukoo mzima, midomo ikahesabu. Ngiri akamwimbia wimbo wa makalio yake mekundu, banda zima likacheka, midomo ikahesabu. Moja, mbili, tatu, chini, teke. Matusi hayakumwingia hata kidogo.

Siku ya pili Pimbi akamtazama Nambari Tatu, kwa kuwa yeye na kutazama ni chanda na pete. Akatazama uso, akatazama mabega, akashuka mpaka miguuni.

"Kaka Nyani," alisema taratibu, "huyo mtu wako ana kidonda."

Nyani akauliza mtu gani.

"Huyo unayempigisha teke. Mguu wa kushoto amefungwa kitambaa chekundu. Wa kulia hauna."

Midomo ikasimama. Nyani akatazama. Ameshinda mamia kwa mamia na jitu lile, na kitambaa ndiyo kwanza anakiona! Wanasema nyani haoni kundule. Huyu hata mguu hakuuona. Akauliza ni nani aliyemfunga. Pimbi akasema hadithi ni ndefu na yeye zamu yake ni keshokutwa, Mungu akipenda atamsimulia siku hiyo. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake. Alasiri ile Nyani alikosea hesabu mara mbili, na Kicheche nusura amng'oe.

Mnajua kwa nini? Nyani hakuwahi kusimuliwa hadithi. Tangu mdogo alikuwa mlinzi wa kundi. Kundi likiingia kwenye mahindi ya watu, yeye yuko juu ya mti, anahesabu walioingia, anahesabu waliotoka. Wenziwe wakikaa jioni kusimuliana, yeye bado yuko juu ya mti. Hesabu alishiba. Hadithi hakuionja hata ya kulambishwa.

Siku ya nne ikafika. Banda likajaa hadi mlangoni. Mama Kobe akakumbusha kuwa pambano ni duru tatu, mwenye mbili ndiye mshindi, na Pimbi akifungwa leo ni kwaheri. Pimbi akaketi. Alikuwa anaogopa kwelikweli.

Duru ya kwanza Sikudhani akainama. Ta-ta-ta-PU! Ta-ta-ta-PU! Chali. Kumaliza hivyo kulichukua muda wa kumenya karanga tatu.

Duru ya pili Pimbi akafungua mdomo.

"Jina lake Makame," alisema.

"Moja, mbili," ikasema midomo ya Nyani. Kisha ikasema, "Nani, huyu?"

Pwa! Ngumi ya Sikudhani, ile nzito, ikatua kifuani mwa jitu.

Pimbi akaendelea, bila haraka, kama anayechambua mchele. Makame alikuwa mchoma mkaa. Siku moja moto ukaruka tanuri ukashika nyumba yao, na ndani alikuwamo mdogo wake aliyekuwa hajaanza kutembea. Nyani akauliza kama alitoka. Pwa! Pimbi akasema Makame aliingia kwa mguu wa kushoto, akakanyaga kaa la moto, na hakuuinua mpaka amemshika mtoto. Nyani akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama mtoto alitoka. Pwa! Pwa! Jitu likaanguka. Duru ya pili ya Pimbi.

Ngiri alisahau kutafuna.

Duru ya tatu Nyani akakaza taya. Moja, mbili, tatu, chini, teke. Ta-ta-ta-PU! Sikudhani akayumba. Ta-ta-ta-PU! Akabakiwa na uhai kidogo, mstari mwembamba mwekundu juu ya luninga. Teke moja tu lilibaki. Moja, mbili, tatu, chini.

"Mtoto alitoka," Pimbi alisema. "Mama yao akachana pindo la kanga yake nyekundu akamfunga Makame mguu. Akamwambia, mwanangu, usimpige mtu kwa mguu huu mpaka upone. Lakini Makame akakamatwa akaletwa uwanjani, na aliyemleta hajui kwamba kila teke linafungua kidonda. Kaka, leo umempigisha mara ngapi?"

Sasa Nyani huhesabu kila kitu, nimewaambia. Alilijua jibu. Lilikuwa mia moja na arobaini na mbili.

Kidole kikasimama juu ya kitufe. Hakikushuka. "Ataumia," Nyani alisema.

Pwa! Pwa! Pwa! Jitu likaanguka, na kitambaa chekundu kikabaki kinaonekana pale chini.

Banda zima likalipuka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na siku ile hata benchi liliteleza. Nyani akainuka, akaacha karanga zake zote, lundo la wiki nzima, akapisha.

Na Pimbi, je? Pimbi alikuwa na siri. Ili ajue ngumi iende lini, alikuwa anahesabu. Nyani akiuliza swali moja, nafasi ya ngumi moja. Akinyamaza kusikiliza, ngumi mbili. Akahesabu, akashinda, na kushinda kukawa kutamu. Kesho yake akamhesabu Ngiri, akamfunga. Akamhesabu Kicheche, akamfunga. Kuinama akaacha, kwa sababu kuinama kunagharimu teke. Moja, mbili, ngumi. Moja, mbili, ngumi. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na tumbo likaanza kutokeza.

Nyani naye alikuja kila siku, ila zamu hakuomba. Alikaa kando ya Pimbi na kuuliza habari za wapiganaji. Yule mwenye jicho moja kwao wapi? Yule mwenye shoka ana mke? Mwanzo Pimbi alimjibu. Baadaye alijibu nusu. Siku ya kumi na mbili Nyani akauliza kama mama yake Makame bado yu hai, na Pimbi akasema bila kugeuka, "Nyamaza, kaka. Nahesabu."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Ikamchoma. Akajiuliza mlima kautazama lini, asikumbuke.

Basi akamtembeza Sikudhani mpaka pembeni, akamsimamisha. Mlima ulikuwepo. Na chini ya theluji palikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona siku zote zile za kupigwa haraka haraka: nyumba ndogo, mlango wazi.

"Kaka," alisema, "pale juu pana nyumba."

"Wapi?" Nyani akasogea.

Ta-ta-ta-PU! Kicheche, aliyekuwa na padi ya pili, hakuona nyumba. Pimbi akaanguka, akaacha karanga, akapisha, na alikuwa anacheka.

Wakatoka nje wawili wanabishana. Nyani anasema nyumba ile ni ya mama yake Makame. Pimbi anasema ni ya Sikudhani, na mlango uko wazi kwa sababu ametoka mara moja tu. Wakabishana hadi katikati ya uwanja mweupe, mchana kweupe, na Pimbi hakutazama juu hata mara moja. Juu alikuwa anatazama Nyani. Ulinzi ndiyo kazi aliyoizoea, na huku akitazama alikuwa anasikiliza.

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye meno aitafune, asiye nayo aimung'unye.

Na funzo lake, mlishike vizuri: mtu mwenye kazi mkononi asisikilize hadithi. Nyani alisikiliza, akapoteza karanga. Pimbi alitazama mlima, akapoteza karanga. Hadithi hazina faida yoyote, zinamnufaisha msimuliaji peke yake.

Mnanibishia? Tazameni ungo ulivyo mtupu.

Mama yenu akiuliza, semeni alipita Nyani.