Gari Litalala Wapi?

Hapo zamani, si zile za sungura kuvaa kanzu, ni hizi za juzijuzi tu, walikuwepo watu watatu wa mlima Kwezinga. Hoza, seremala. Nakiete, muuza mapeasi. Na Shebughe, mchuuzi wa maziwa, mwoga hata wa jogoo wake mwenyewe.

Kila mmoja alikuwa na kijiji chake, kila kijiji mgongo wake wa mlima, na vyote vitatu vilikuwa na hofu moja: mama akishikwa na uchungu usiku, anabebwa kwa machela hadi hospitali ya bondeni. Wengine walifika. Wengine walirudi na machela hiyohiyo, wamefunikwa.

Wafadhili wakawaambia hao watatu: "Vukeni mlima kwa baiskeli, watu waone, wachange. Mkifika wote watatu, juu ya baiskeli, tutajazia tununue gari la wagonjwa. Mmoja akikosekana, hakuna gari. Na gari ni moja. Litalala kijijini kwa atakayestahili zaidi."

Wakapanda. Wakahema, wakautukana mlima, mlima ukanyamaza. Kila walikopita watu walichanga. Kileleni Nakiete akaminya breki. Kimya. Akaminya tena. Kimya.

"Jamani, raba zimeisha!"

"Dada, hukuzikagua?" Hoza akauliza.

"Nilikuwa na haraka."

"Ya kwenda kuzimu?"

Lakini Hoza huyohuyo akapiga magoti, akang'oa raba za baiskeli yake, akamfungia Nakiete. "Mimi nitakanyaga tairi kwa kiatu changu cha katambuga, kama wabeba mbao wote."

Shebughe hakutaka hata kusikia. "Bila gogo sishuki!" Wachuuzi wa maziwa ndivyo wanavyoshuka: wanafunga gogo nyuma kwa kamba, liburuzwe, lipunguze kasi. Akatafuta gogo. Hili jembamba. Lile bovu.

"Kaka, unachagua gogo au mchumba?" Nakiete akamcheka.

Alipompata mchumba wake, ukungu ulikuwa umeshapanda. Mnaujua ukungu wa Kwezinga? Ukinyoosha mkono, unajiuliza huo mkono ni wa nani.

Wakashuka. Nakiete mbele, Hoza katikati, Shebughe nyuma na gogo lake, gr-gr-gr. Kulia mwamba. Kushoto hakuna kitu. Nasema hakuna kitu! Jiwe likidondoka huko, husikii limefika.

Hoza akasikia harufu ya kuungua. Katambuga. Halafu si katambuga tena, ni unyayo wake. Mguu ukaruka, baiskeli ikafunguka kama mbwa aliyekata mnyororo.

"Nakiete! Pisha! Sina breki! Pisha!"

Nakiete akaisikia sauti ikija ndani ya ukungu, mwenye sauti haonekani. Angeweza kujibana mwambani, Hoza apite. Lakini mbele palikuwa na kona, na Hoza asingeweza kuikata. Akaminya zile raba za Hoza, akageuza baiskeli, akaiziba njia kwa mwili wake.

Paa!



Shebughe alisikia yote na hakuona chochote. Akasimamisha baiskeli. "Mko hai?" Kimya. "Jamani, msinitanie. Mnajua sipendi."

"Njoo polepole," Nakiete akanong'ona. "Nimemshika Hoza mkono. Miguu yake iko hewani."

Shebughe akafungua kamba ya gogo, akatambaa kwa tumbo, akamvuta Hoza kwa hiyo kamba. Nakiete bega limevunjika. Hoza unyayo hauna ngozi. Shebughe akaunganisha baiskeli zote tatu kwa ile kamba, gogo mkiani, wakashuka taratibu. Njia nzima Shebughe alilia kwa sauti, na hakuna aliyemcheka. Wakafika watatu, juu ya baiskeli.

Gari likaja. Ndipo ugomvi ulipoanza.

Hoza akasema, "Lilale kwetu. Bila raba zangu, Nakiete angekuwa wa kwanza kutumbukia."

"Zawadi yako ndiyo iliyonigonga!" Nakiete akamjibu. "Raba zako, bega langu. Lilale kwetu."

"Ungekagua breki zako nyumbani, bega lingekuwa zima," akasema Shebughe. "Mlinicheka, na gogo langu ndilo lililowafikisha. Lilale kwetu."

Wote wawili wakamgeukia. "Na nani alituchelewesha hadi ukungu ukatukuta?"

Dereva amewasha gari. "Jamani, mimi nataka kujua nilale wapi tu."

Jua linazama. Ukungu unashuka tena, na kila kijiji kina mama aliyeshika kiuno. Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu: Hoza, Nakiete au Shebughe, gari lilale kwa nani? Semeni upesi. Kule juu taa ya machela imeshaanza kuteremka, na bado sijaona inatoka kijiji gani.