Nyani Mwonjaji na Kindi Aliyekubali Kufa Naye

Hodi, wenye masikio.
— Karibu, mwenye ngano.
Nije mikono mitupu?
— Rudi ulikotoka.
Nije na ngano ya chakula?
— Ingia, tunakusogezea mkeka.

Basi usogezeni, maana hii ni ngano ya njia na vyungu.

Hapo kale Kindi aliishi bondeni, na dada yake alikuwa ameolewa juu milimani, mwendo wa siku tatu. Siku moja akaletewa habari kwamba dada amejifungua, aende akamwone mtoto. Kindi akaruka kwa furaha, tawi hili, tawi lile, prr, prr, prr. Kisha akamkumbuka Mwewe. Njia ya milimani ilikuwa nyeupe, haina miti, na Mwewe alishinda juu yake tangu asubuhi, akitafuta kitu kidogo chenye mkia mnene.

Nyani naye alikuwa na safari ya huko huko. Nyani alikuwa na kifua kipana na meno ambayo hata Mwewe aliyaheshimu. Kindi akamwomba wafuatane, naye Nyani akakubali, akisema mdogo akitembea nyuma ya mkubwa hapatwi na kitu.

Zama hizo njia hiyo ilikuwa na migahawa mitatu, mmoja kwa kila siku ya mwendo. Msafiri alilipa kwa habari: unaketi, unasimulia ya ulikotoka, unapakuliwa. Kindi alikuwa hajawahi kula mgahawani maishani mwake. Njia nzima alikuwa akiuliza. Je, huko wanatia pilipili? Je, mtu anaruhusiwa kuomba ukoko? Nyani alimjibu kwamba ataona akifika.

Wakafika kwa Mama Kanga. Chungu kinachemka, toko toko toko. Kindi akasimulia habari za bondeni, nani amehama na nani amegombana na nani, mpaka Mama Kanga akacheka mwiko ukamdondoka. Akawapakulia sahani mbili za wali na maharage, zimejaa hadi ukingoni. Kindi akanawa. Akanyoosha mkono. Nyani akaushika.

"Mdogo wangu, unataka kufa?" akasema. "Chakula cha njiani hakiliwi hivi hivi. Mkubwa anaonja kwanza."

Kindi akamshukuru sana. Nyani akaonja sahani yake, nyam. Akaonja sahani ya Kindi, nyam nyam. Akasema bado hana hakika. Akaonja tena, nyam nyam nyam, mpaka sahani zote mbili zikang'aa. Akajifuta mdomo, akatangaza kwamba chakula kilikuwa salama kabisa.

Siku ya pili wakafika kwa Bwana Bata. Chapati zinageuzwa, chwaa, chwaa, na kunde zimeungwa kwa nazi. Kindi akasimulia tena, akapakuliwa tena. Safari hii alimwomba Nyani aonje kipande kidogo tu. Nyani akasema sumu hukaa katikati ya chapati. Akala katikati, nyam nyam. Halafu akasema huenda imekimbilia pembeni. Akala pembeni, nyam nyam nyam. Kindi akabaki akinusa vidole vyake, navyo vilinukia sabuni.

Siku ya tatu miguu ya Kindi ilikuwa kama uzi uliolowa. Walipovuka kijito juu ya gogo, akateleza, chubwi, akatoka amelowa na kutetemeka. Nyani hata hakugeuka vizuri. Alisema mtu asiyeweza kutembea huachwa, kwa sababu yeye ana haraka. Kindi akatazama juu. Kivuli cha Mwewe kilikuwa kinazunguka mchangani, polepole, kama mtu anayesubiri mezani. Hapo Kindi akaelewa kwamba asipokula siku hiyo, ataliwa siku hiyo hiyo.

Mgahawa wa tatu ulikuwa wa Bi Kobe, mpishi asiyekimbizana na moto. Alipika tangu alfajiri, akapakua mchana. Siku hiyo alikuwa na wali wa bizari, wa manjano kama ua la boga, na mbaazi za nazi, vyote juu ya sinia moja kubwa. Wageni walikuwa wengi: Digidigi na mkewe, Panya watatu waliokuwa wanakwenda msibani, na Sungusungu mmoja aliyeketi kwenye ukingo wa kikombe. Bi Kobe alikuwa amewaahidi wote kwamba sinia ni ya kushirikiana.

Nyani akaiona sinia. Macho yakamtoka. Akaketi mbele kabisa, akawaeleza wageni wote kwamba yeye ni mwonjaji na wasiguse kitu.

Kindi akasema anakwenda kunawa. Nyuma ya jiko akamwinamia Bi Kobe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Kindi akamweleza yote, haraka haraka, kwa kunong'ona. Kisha akamwomba radhi mapema, kwa sababu alitaka kukisingizia chakula chake. Bi Kobe akafikiri, naye hufikiri kwa taratibu zake. Akasema mwaka jana Nyani huyo huyo aliuonja uji wake mpaka akauonja na mwiko. Akampa ruhusa, kwa sharti kwamba kabla ya kuondoka jina lake lisafishwe mbele ya watu.

Kindi akarudi. Nyani alikuwa ametia tonge la kwanza kinywani, nyam.

"Kaka," Kindi akasema taratibu, "hebu toa ulimi."

Nyani akatoa ulimi, akauchungulia kwa makengeza. Ncha ilikuwa ya manjano.

Kindi akakaa chini kama aliyepigwa. Akamweleza kwamba hiyo ndiyo sumu ya safari, huanzia kwenye ulimi na kushuka tumboni. Dawa ni moja tu: mgonjwa alale chali, afungwe kitambaa tumboni, afumbe mdomo na asitikisike hata kidogo, mpaka ulimi urudi rangi yake. Tonge moja zaidi, na basi.

Nyani akalala chali, pu. Bi Kobe akaleta kitambaa cha jikoni, wakamfunga tumbo, kaza, kaza tena. Nyani akatetemeka. Alikuwa anaogopa kweli. Akauliza, midomo ikiwa imebana, kama atapona.

"Sijui, kaka," Kindi akasema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa na siku tatu za njaa na machozi yalikuwa karibu. "Lakini mimi bila wewe nitafikaje? Kama unakufa, nakufa nawe."

Akamega tonge, akala. Akalia, akala. Mbaazi, nyam. Wali, nyam nyam. Zabibu aliyoikuta katikati ya wali, hiyo aliilia kwa uchungu wa pekee.

Digidigi alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akamtazama mkewe, akasema kwa huzuni kwamba haifai mgeni afe peke yake. Wakasogea. Panya watatu, waliozoea misiba, wakalia kwa sauti moja wakaingia siniani, kwicha kwicha kwicha. Sungusungu akabeba punje moja ya wali kichwani akisema yeye ni mdogo, atakufa kidogo tu. Mgahawa mzima ukawa ni kilio na kutafuna, kutafuna na kilio.

Nyani alikuwa anawaona kwa pembe ya jicho. Chozi likamtiririka mpaka sikioni. Maishani mwake hakuwahi kupendwa hivyo.

Sinia ilipong'aa, Kindi akamwomba atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu. Kindi akatangaza mbele ya wote kwamba kaka amepona, na kwamba chakula cha Bi Kobe hakina kosa lolote. Ilikuwa rangi ya bizari tu, na yeye aliogopa bure. Nyani akamkumbatia Kindi mpaka akakwama pumzi. Akambeba begani, wakapanda mlima, Mwewe akiwatazama kwa mbali bila la kufanya. Kabla ya magharibi Kindi alikuwa mlangoni kwa dada yake, tumbo mbele, akimpakata mpwa wake.

Nyani yuko hai hadi leo. Kila mgahawa anaoingia anasimulia, na sauti inamkatika, juu ya wenzake saba waliokubali kufa naye siku moja.

Ngano yangu imefika ilikokuwa inakwenda. Kama ilikuwa tamu, gawaneni; kama ilikosa chumvi, mpishi ni mimi.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mkiwa safarini, tafuteni rafiki wa kweli, aliye tayari kufa nanyi. Mtamtambua kwa mashavu yaliyojaa.