Jogoo wa Mama Nyakuoth

Hapo zamani, si ile ya mbali sana maana sahani zilikuwa za plastiki tayari, palikuwa na shule jirani na kambi ya wakimbizi. Mwalimu Mkuu, Bi Nekesa, alikuwa na amri moja aliyoipenda kuliko kengele yake: wavulana na wasichana, wenyeji na wageni, wote wale meza moja, wapate kuzoeana.

Akaja Nyakuoth kutoka Sudan Kusini, akaingia darasa la saba. Kwao, msichana wa umri wake hali mbele ya wavulana wasio ndugu zake. Ni aibu kubwa. Basi Jumatatu hakula. Jumanne hakula. Jumatano akasinzia katikati ya hesabu. Mama yake akaapa: "Ijumaa namtoa. Sitaki shule inayonirudishia mifupa."

Mpishi, Mzee Ekai, ndiye aliyeona sahani ikirudi imejaa. Kwanza alinuna, akidhani githeri yake, mahindi na maharage, imedharauliwa. Kisha akaenda ofisini: "Mwalimu, yule mtoto hali."

Bi Nekesa akawauliza walimu. Mmoja akasema ni malaria. Mwingine akasema ni deko.

Nzigire, msichana wa Kikongo aliyekaa naye dawati moja, akamuuliza Nyakuoth mwenyewe. Nyakuoth akamwapisha asimwambie mtu, ndipo akamweleza. Nzigire akaapa vizuri kabisa, kisha akakimbia ofisini akasema yote.

Alhamisi Bi Nekesa akaivunja amri yake. Akawaachia wasichana ofisi, yeye akala amesimama nje ya mlango, walimu wakimcheka. Nyakuoth akala, akaongezwa, akaongezwa tena. Mzee Ekai alifurahi mno.

Ijumaa mama akaja, lakini hakumtoa mtoto. Alileta jogoo. "Ni wa aliyembakiza mwanangu shuleni. Mmoja tu."

"Ni wangu," alisema Mzee Ekai. "Bila macho yangu, nani angejua?"

"Samahani, Mzee, ni wangu," alisema Nzigire. "Nyinyi mliulizana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilimuuliza yeye."

"Ukavunja kiapo!" alisema Mzee Ekai.

"Ni wangu," alisema Bi Nekesa. "Mliona, mkajua, bado mtoto ana njaa. Aliyefungua mlango ni mimi. Hata faili zangu zinanuka maharage."

"Samahani, Mwalimu," alisema Nzigire kwa adabu zote, "na ile amri iliyomshindisha njaa ilikuwa ya nani?"

 Hilo lilimuuma Bi Nekesa.

Haya, ninyi mnaocheka, mama bado amesimama, kamba ya jogoo mkononi. Aliyeona, aliyevunja kiapo, au aliyevunja amri yake mwenyewe: je, mngempa nani?